Bwana Mnara Anataka Kujua Unapita Wapi

Ukitaka kumtambua mtu aliyewahi kupanga katika ile nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, mtazame anavyoondoka. Watu wengine husema "haya, kwaherini" wakatokomea. Sisi tuliopitia mikononi mwa Bwana Mnara tunatembea kidogo, tunageuka, halafu tunataja jina, tulipo na tunakokwenda. Mume wangu hufanya hivyo mpaka leo, hata akienda kuoga.

Bwana Mnara alikuwa mwongoza ndege. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya mnara wa uwanja wa ndege, kule Kipawa, akizungumza na marubani kwa redio: wewe subiri, wewe njoo, wewe ruka. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na barua zake zilikuja nalo, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Hata mkewe, Mama Upendo, akiwa na hasira alimwita Bwana Mnara, na akiwa na furaha alimwita hivyohivyo.

Nilimjua nikiwa bibi harusi wa juzi. Mimi na mume wangu Salumu tulipanga chumba cha pili kushoto. Yeye na mkewe walikuwa na vyumba viwili vya mbele, dirisha likitazama barazani. Asubuhi yangu ya kwanza, natoka kwenda kazini na viatu vyangu vya visigino, nikamkuta barazani anakunywa chai, ametoka zamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaondoka?"

"Ndiyo, naenda kazini."

"Usiniambie sasa. Nenda kwanza. Ukifika pale kwenye nguzo ya umeme, geuka useme."

Nilidhani ni utani wa kumpima mgeni. Lakini nilipofika kwenye nguzo, sijui kwa nini, niligeuka. "Nimefika, mzee!"

"Nani amefika?"

"Mimi!"

"Mimi ndiye nani? Marubani wote wanajiita mimi. Taja jina, unapita wapi, unapanda mpaka wapi, umeelekea upande gani."

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Muuza kahawa aliweka birika chini kabisa, asipitwe na kitu. Basi nikapaza sauti: jina langu, napita nguzo ya umeme, nakwenda mpaka Posta, nimeelekea Mnazi Mmoja. Bwana Mnara akainua kikombe chake. "Nimekupata. Endelea." Nilikosa basi, na siku nzima ofisini nikawa nacheka peke yangu.

Baadaye alinieleza, tukiwa uani, mimi nachambua mchele naye anamenya machungwa kwa kisu kidogo, ganda lote likitoka bila kukatika. Alisema ndege ikiwa chini anaiona kwa macho. Ikishapaa ikaingia wingu, macho hayamsaidii tena, amebaki na masikio. Kwa hiyo rubani akishaondoka na ndege ikatulia, anatakiwa kumpa mambo manne: jina la ndege, kimo anachokipita wakati ule, kimo alichoruhusiwa kupanda, na uelekeo.

"Mambo manne basi," alisema. "Jina la ndege, napita futi elfu mbili, napanda elfu tisa, naelekea kaskazini. Asinieleze habari za mkwewe."

"Lakini mzee, si wewe mwenyewe uliyemwambia apande mpaka wapi? Kwa nini akwambie tena anapita wapi?"

Akaacha kumenya. "Nilikomtuma nakujua, binti. Nisichokijua ni alipo. Na kati ya alipo na nilikomtuma panaweza kuwa na mwenzake."

Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili, baada ya ile ya Jumapili. Sema ulipo kwanza, ulikotumwa baadaye. Tena kulikuwa na kifungu kingine: rubani asisumbuliwe magurudumu yanapoinuka tu. Kwanza airushe ndege, maneno yatafuata. Kwa ajili ya kifungu hicho, katika nyumba yetu ilikuwa mwiko kumsemesha mtu aliyebeba sufuria ya uji wa moto. Ungeweza kuwa na habari za msiba, ungesubiri mpaka sufuria itue. Bibi mwenye nyumba, ambaye hakuwahi kumtii mwanamume yeyote tangu afiwe, alilitii hilo moja, na alisema tangu lianze hakuna mtoto aliyeungua.

Aliyelipa ada ya somo lile ni Salumu wangu. Alikuwa na meza ya vitunguu sokoni, na ule ulikuwa wakati wa foleni, sukari ikionekana kwa nadra sana. Siku moja akamtuma mchukuzi wa mizigo kwetu: "Kawaambie nimepata sukari." Jamani! Mimi na Mama Upendo tuliwasha majiko mawili. Tulichemsha chai ya nyumba nzima, tukatia tangawizi, tukamwita bibi mwenye nyumba, tukamwamsha Bwana Mnara aliyekuwa amelala baada ya zamu. Chai ikachemka ikapoa, tukaipasha, ikapoa tena. Salumu akaingia jioni na mfuko mtupu.

"Sukari iko wapi?" nikamuuliza.

"Iliisha kabla sijafika dirishani."

"Si ulituma mtu kusema umepata?"

"Nilikuwa kwenye foleni. Walisema ipo ya kutosha."

Mama Upendo alitaka kummwagia ile chai. Bwana Mnara alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamkalisha mume wangu kwenye kigoda. "Salumu, umetoa taarifa ya kimo ulichotumwa. Wakati unamtuma yule mchukuzi, ulikuwa unapita wapi?"

"Kwa yule kinyozi wa pembeni," alisema Salumu kwa unyonge. "Nyuma kabisa."

"Basi ungesema: napita kinyozi, naomba sukari. Sisi tungelala usingizi wetu."

Tangu siku hiyo, jambo lolote ambalo halijakamilika kwetu liliitwa kupita kinyozi. Mama mkwe akiniuliza kama mimba imeshika, namjibu napita kinyozi, naye anacheka badala ya kununa.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye hakusalimika. Alikuwa mtu mwema, ila akipenda sana neno "limekamilika". Kwenye mkutano mmoja alitangaza kwamba zoezi la kuzibua mtaro limekamilika kwa mafanikio makubwa, na tulipokuwa tumesimama maji ya mtaro yalikuwa yanatulowesha ndala. Bwana Mnara akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Ndugu balozi, zidumu fikra za mwenyekiti. Ninaomba kuuliza. Mtaro umefika kwenye kukamilika, au unapanda kuelekea huko?"

"Unapanda, ndugu," alisema balozi baada ya kufikiri.

"Sasa hivi unapita wapi?"

Balozi akatazama miguu yetu. "Unapita… robo."

Watu wakapiga makofi, tena ya dhati. Jumamosi yake tulikwenda wote na makoleo, na mtaro ukazibuka kweli. Nimehudhuria mikutano mingi maishani, na ule ndio pekee niliotoka nikijua jambo lolote.

Msinielewe kwamba alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Hapana. Huyu aliyepanga ndege angani zisigusane alikuwa hawezi kuvuka Barabara ya Msimbazi peke yake. Alisimama ukingoni akipiga hesabu za magari mpaka mtu amshike mkono. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, na alinibana vidole kwelikweli. "Hawa madereva hawasemi wanakokwenda," alilalamika. "Wanakuja tu."

Halafu kulikuwa na Jumamosi. Mganga hajigangi, na aliyetaka taarifa kwa kila mtu yeye hakuwa na taarifa kwa mkewe. Jioni ya Jumamosi alioga, akavaa suruali ya bwanga, akapotea. "Anajua ndege za mataifa yote ziko wapi," Mama Upendo alituambia. "Yeye akipaa, hata mimi mkewe sijui ameelekea upande gani." Sote tulijua, ila tulimwachia mama wa watu malalamiko yake. Bwana Mnara alikwenda dansini Magomeni. Hakunywa, wala hakutafuta wanawake. Alisimama kando ya spika kubwa, kifua kikiigusa, macho ameyafumba, wimbo baada ya wimbo. Kesho yake asubuhi alikuwa safu ya mbele kwenye kwaya ya kanisa, ameoga, anaimba sauti ya nne.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugusa sote.

Kazi yangu Posta ilikuwa ya kupokea simu katika ofisi moja. Siku moja bosi wangu, mtu mpole sana, alisimama mlangoni akaniuliza, "Ndugu, unayezungumza naye yuko Dodoma?" Nikamwambia hapana, yuko Kivukoni. "Basi mwache simu imfikishie. Mimi ofisini kwangu nimefunga mlango na ninakusikia." Niliona aibu, na nilishangaa vilevile, maana simu ilikuwa ileile na mdomo wangu uleule.

Jioni narudi nyumbani, nikafika kwenye kona ya mtaa wetu, nikasikia nyumba yetu. Salumu alikuwa anaomba chumvi kwa sauti ya kufukuzia mbuzi. Bibi mwenye nyumba alikuwa anamjibu kwa sauti hiyohiyo kwamba chumvi iko pale pale. Hapakuwa na ugomvi wowote. Nikasimama pale nikaelewa. Tulikuwa tumepandisha sauti kidogo kidogo kwa ajili ya Bwana Mnara. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Kila mmoja aliona mzee ameinama kidogo kusikiliza, akaongeza nguvu, kwa heshima. Miaka ikapita, tukawa tunapigiana kelele hata sisi kwa sisi, na yeye katikati yetu alisikia kila kitu vizuri na kuwaza masikio yake ni mazima.

Nilimfuata Mama Upendo uani, anafua. Nikamwambia nilichokisikia. Hakushangaa.

"Najua," alisema. "Najua tangu kabla hujahamia."

"Na yeye?"

"Hajui. Ukimwambia, nitakulaani. Kila mwaka daktari wao anawapima macho na masikio. Kipimo kinakuja baada ya Pasaka. Akishindwa hapandi tena mnarani. Yule mwanamume bila mnara, mwanangu, utamweka wapi?"

Nilimwonea huruma, na niliogopa pia, maana nilimfikiria rubani aliye ndani ya wingu, anataja kimo chake kwa mtu asiyemsikia sawasawa. Hofu hiyo ikaongezeka Jumapili moja alipokuja kututembelea kijana wa kazini kwao, aliyekuwa akimpokea zamu. Bwana Mnara alikuwa ndani anavaa. Kijana akatuambia kwa kunong'ona, huku anacheka, kwamba akikaa kwenye kiti cha mzee, kabla ya kuvaa vile vifaa vya kusikilizia masikioni, kwanza anapunguza sauti ya redio, maana mzee huiacha imefunguliwa mpaka mwisho. "Nikisahau, naruka kitini."

"Kwa nini humwambii?" nikamuuliza.

"Mimi? Dada, yule ndiye aliyenifundisha kazi."

Kumbe hata huko juu ya mnara walikuwa kama sisi. Mtu mzima alikuwa amezungukwa na adabu pande zote.

Aliyekuja kuikata ile adabu alitoka Kilimanjaro. Dada mkubwa wa Mama Upendo, mwenye duka la vitenge Moshi, aliteremka kwenye basi na mkungu wa ndizi, kuku wawili, na mdomo usio na mlango. Tulimpokea vizuri, yaani kwa kelele. Alivumilia salamu, akavumilia chai. Usiku, wakati wa chakula, tumeketi mkekani wote, akaweka tonge chini.

"Samahani, jamani. Nyumba hii ina ugomvi?"

"HAPANA, SHANGAZI," Salumu alimjibu.

"Basi mbona mnapigiana kelele?" Akatutazama mmoja mmoja, mwisho akamtazama Bwana Mnara. Akamsogelea. "Shemeji, hawa wanakupigia kelele wewe. Masikio yako yamekwisha, na wao wanakuficha."

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni kwa jirani. Bwana Mnara alitugeukia. Alimtazama Salumu, Salumu akatazama samaki wake. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama mkewe.

"Ni kweli, Baba Upendo," Mama Upendo alisema. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo, kabla wala baada ya usiku ule.

Nilitegemea atakasirikia masikio. Aliyakubali mara moja, nadhani moyoni alikuwa ameshayashuku. Kilichomuuma ni sisi. "Miaka yote hii," alisema, na sauti yake haikuwa kali, "nawafundisha kusema mnapita wapi. Hakuna hata mmoja kati yenu aliyeniambia mimi napita wapi?"

Akanawa mikono, akaingia chumbani. Nililia, na nilistahili kulia. Shangazi wa Moshi alimaliza samaki wake, akamaliza na wa Salumu.

Asubuhi ya kesho yake haikuwa ya zamu kwake. Alitoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasalimia kila mtu, akashuka barazani. Tulijipanga mlangoni tukimtazama mgongo. Alipofika kwenye nguzo ya umeme, akageuka. Mtu huyu hakuwahi kugeuka kwa ajili ya mtu yeyote.

"Mama Upendo!" aliita. Akataja jina lake kamili, lile la kwenye barua. "Napita nguzo ya umeme. Nakwenda mpaka kwa mkuu wangu wa kazi. Namwambia kabla daktari hajamwambia."

Mama Upendo aliweka kanga mdomoni. Kisha akamwinulia mkono.

Walimshusha mnarani siku hiyohiyo. Mkuu wake alimsikitikia sana, lakini alimwambia waziwazi kwamba kile kiti hawezi kukikalia tena, naye akakubali. Sitasema uongo kwamba alirudi anacheka. Wiki zilizofuata alikaa barazani, na kila ndege ilipopita juu ya Kariakoo alitazama juu, midomo ikichezacheza. Jumamosi hakwenda dansini. Sisi tuliacha kupiga kelele, halafu tukaona tukinyamaza hasikii, halafu tukawa hatujui tufanye nini. Hatimaye bibi mwenye nyumba akaamua: ukimsemesha Bwana Mnara, nenda mbele yake, mtazame usoni, sema polepole. Basi. Likawa jambo jepesi namna hiyo, tukajiuliza kwa nini tuliliogopa.

Kilichomwinua ni wanafunzi. Mkuu wake alimwita tena, akampa chumba chini ya mnara na vijana waliokuwa wanajifunza kuongoza ndege. Huko hakukuwa na redio wala mawingu. Kijana alisimama mbele yake akajifanya rubani, akatoa taarifa ya kupaa, na Bwana Mnara alimsoma usoni kuliko alivyomsikia. Kijana akisahau kimo anachokipita, alirudishwa nje ya mlango aanze upya. Mzee alirudi nyumbani jioni na hadithi mpya kila siku, na nakumbuka Mama Upendo alinunua kitambaa cha pazia wiki ile, jambo alilokuwa ameliacha muda mrefu. Mwishowe walipewa nyumba ya kazi hukohuko Kipawa, wakahama. Tuliwabebea vitu mpaka kwenye lori. Sikumwambia neno la maana siku hiyo, maana nilikuwa nimebeba kabati.

Nilikutana naye mara ya mwisho Posta, miaka mingi baadaye, kituo cha basi, saa za watu kutoka maofisini. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimenenepa, nina bosi mwingine ambaye siku hiyo alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni. Yeye alikuwa na mvi kichwa kizima na koti la mikono mifupi. Nilimwamkia kwa sauti ya kawaida. Akaweka kiganja sikioni, akatangazia foleni nzima:

"Paza sauti, mwanangu, masikio yangu yameshastaafu, mimi bado!"

Watu wakacheka naye. Alicheka kuliko wote. Akaniulizia Salumu, vitunguu, watoto. Akaniambia kati ya vijana wake, wawili sasa ndio wanaosimamia zamu, na mmoja ni binti, tena ndiye mkali zaidi. Mama Upendo hajambo, amefungua kibanda cha chapati. Shangazi wa Moshi alikuja Krismasi akamwambia amezeeka vibaya. Alikuwa na furaha, niliiona.

Basi la Kipawa likaja, watu wakaanza kusukumana. Akapanda ngazi ya kwanza, akanishika mkono kuniaga. Nikajua huenda nisimwone tena. Kwetu mtu hamwambii mzee wa watu maneno kama yale, tena barabarani, lakini niliyasema, kwa sauti ya chini: "Mzee, tulikupenda sana."

Akaweka kiganja sikioni.

Bosi wangu alikuwa ananitazama. Kondakta alikuwa ananitazama. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele mpaka mtu aliyekuwa anasoma gazeti akalishusha: "NASEMA TULIKUPENDA SANA, MZEE! NYUMBA NZIMA!"

Watu wakashangilia. Bwana Mnara alisimama palepale mlangoni, ameziba njia ya kila mtu, macho yamemjaa maji.

"Mara ya kwanza nilikusikia," alisema. "Sema tena."

Nikasema tena.